Kisanduku cha Maisha Marefu

Baba alianza kuvimba miguu mwaka ule Wachina walipokuja kulimisha mpunga ng'ambo ya mto. Asubuhi viatu vilimwingia, jioni vikakataa kutoka. Alikuwa amestaafu reli, fundi wa breki za mabehewa kwa miaka mingi, na hakuwa mtu wa kulalamika. Alikata viatu nyuma kwa kisu cha jikoni, akavivaa kama ndara, akaendelea kwenda msikitini. Tulidhani ni uzee. Kisha uso nao ukaanza kuvimba, kila akiamka macho ni membamba kama ya mtu aliyelia, ndipo tukampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mmoja tu. Aliubonyeza mguu wa baba kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Akanivuta pembeni, akaniambia kwa Kifaransa kwamba ni figo. Aliandika dawa kwenye karatasi na mimi nikazunguka nayo mji mzima: kwa masista, kwa wauguzi waliokuwa na akiba nyumbani, kwa duka la dawa ambalo zamani lilikuwa la Mgiriki na sasa lilikuwa la mtu wa chama, aliyeuza humo sabuni na samaki wa chumvi mpaka navyo vikaisha. Nilimwandikia binamu yangu Kisangani, barua nikampa dereva wa lori la Lubutu. Hakuna kilichorudi, hata barua.

Wakati huo nilikuwa na kazi ambayo vijana wengi wa Kindu waliitamani. Nilikuwa mkalimani wa Wachina. Walikuwa watano, wanakaa nyumba moja ndefu nyuma ya Alunguli, ng'ambo ya mto, karibu na bonde walilolichimba mifereji. Mmoja wao tu ndiye aliyejua Kifaransa cha kutosha. Yeye alisema na mimi kwa Kifaransa, mimi nikasema na wakulima kwa Kiswahili, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Kila asubuhi, kabla ya kazi, sisi wenyeji tulipiga makofi na kucheza chini ya bendera, tukiimba sifa za chama na za kiongozi. Wachina walisimama mstari mmoja wakitutazama, mikono ubavuni. Jioni, nikingoja mtumbwi wa kurudi mjini, niliwasikia nao wakisoma kitu kwa sauti moja, wote watano, mkubwa wao mbele. Hatukuwahi kuulizana kuhusu mambo hayo.

Yule mwenye Kifaransa ndiye aliyetunza kitalu cha miche. Alikuwa mwembamba, wa umri wa miaka arobaini hivi, na mikono yake ilikuwa na mabaka ya zamani, ngozi imekunjamana kama iliyowahi kuungua. Aliposikia baba yangu ni mgonjwa aliuliza habari zake kila siku. Sikuizoea huruma ya namna hiyo kazini. Siku moja mkubwa wao alisafiri kwenda Bukavu kufuata mbegu, na yule bwana akaniambia anataka kuja kumsalimu mzee. Tukavuka mto pamoja.

Mama aliweka mkeka mpya na kahawa. Baba alikuwa amekaa ameegemea ukuta, miguu juu ya mto wa kulalia, blanketi limeifunika ili mgeni asiione.

"Karibu, mugeni," baba akasema. "Samahani, siwezi kusimama."

Mgeni aliinama, akakaa, akapokea kikombe. Kisha akakiona kisanduku kwenye rafu.

Kile kisanduku kilikuwa nyumbani kabla sijazaliwa. Babu alikuwa mpishi wa injinia wa Kibelgiji aliyekuja kutandaza reli yetu, na injinia huyo, kabla ya kuja Kongo, alikuwa ametandaza reli Uchina. Alipokufa kwa homa, babu akabaki na kisanduku. Nyumbani walisema alipewa. Kilikuwa cha mviringo, upana wa sinia ndogo, chekundu kama damu iliyoanza kukauka, na kimechongwa kote hata hukupata pa kuweka ncha ya kidole pasipo na kitu. Juu ya kifuniko kulikuwa na mzee mwenye paji kubwa kama boga, ameketi ndani ya duara. Sisi watoto tulisema huyo ndiye injinia. Kulikuwa na korongo wawili, na paa, na mti wenye majani kama sindano, na uyoga, na matunda ya mviringo yenye ncha ambayo bibi alishikilia kuwa ni maembe. Ubavuni kulizunguka vijistari, vitatu vitatu, vingine vizima na vingine vimekatika katikati. Mama aliweka humo udi, na pete yake ya ndoa iliyokuwa haimwingii tena. Baba, kwa ajili ya zile sura, alikifunika kwa kitambaa kila alipotaka kusali chumbani.

Yule Mchina aliuliza kama anaweza kukishika. Mama akasema ndiyo. Hakukigusa mara moja. Aliomba maji, akanawa mikono, akaikausha kwenye shati lake, kisha akakichukua na kukigeuza chini juu. Kwenye kitako palikuwa na maandishi yaliyokwanguliwa zamani, yamebaki nusu. Aliyachunguza mpaka kahawa yake ikapoa.

"Hiki kilitengenezwa kwa nyumba ya mfalme," akasema. "Au na mtu aliyejua sana kuiga. Baba yangu alikuwa fundi wa kazi hii."

Nikaanza kutafsiri, na kazi yangu ikageuka kitu kingine kabisa, kwa sababu katika miezi yote ya mpunga sikuwahi kumsikia akizungumza hivi. Alieleza kwamba ganda lile lililochongwa si udongo wala rangi ya kopo. Ni utomvu wa mti, unagemwa kwa kuchanja gamba, kama mpira. Baba akatikisa kichwa. Habari za utomvu wa kugemwa kila mzee wa Maniema alizijua kutoka kwa wazazi wake waliogemeshwa mpira na Wabelgiji, na hazikuwa habari njema. Utomvu huo, alisema mgeni, unaunguza ngozi. Akatuonyesha ile mikono yake. Unapakwa mara moja, mwembamba kama jasho, unaachwa ukauke kwenye chumba chenye unyevu, kisha unapakwa tena, mara mia na zaidi. Ndipo fundi anaanza kuchonga, na akikosea mara moja hakuna kurudi nyuma.

"Na hizi sura?" mama akauliza. "Huyu muzee njo nani?"

Mgeni akaweka kidole hewani juu ya kifuniko, bila kukigusa. Mzee yule ni mwenye kugawa umri, akasema. Duara alimoketi ni neno, maana yake maisha marefu. Korongo huwabeba waliokwepa kifo, na wao wenyewe huishi miaka elfu. Paa ndiye mnyama pekee anayeweza kuuona uyoga ule, na anayeula uyoga hafi. Matunda si maembe. Yanaiva mara moja katika miaka elfu tatu. Mti ule haupukutishi majani hata kwenye baridi. Chini ya mzee palikuwa na neno jingine, nalo nikakwama, kwa sababu ni jina la msimu ambao sisi hatuna. Nikasema ni wakati ambapo kila kitu kinaota upya.

"Njo Kindu kila siku," mama akasema, na baba akacheka. Ilikuwa miezi tangu acheke.

Vile vijistari vya ubavuni vilikuwa mbingu, ardhi, moto, maji, ngurumo, upepo, mlima na ziwa: dunia nzima imewekwa ikizunguka, ili aliye katikati asiishiwe na nguvu. Ilikuwa dini ya zamani ya kwao, watu waliotafuta njia ya kuishi bila kufa, milimani, kwa pumzi na majani na mawe.

"Hakuna asiyekufa ila Mungu," baba akasema kwa upole. Nikatafsiri. Mgeni akakubali kwa kichwa.

"Na huu wekundu?" mama akauliza. "Huu pia ni utomvu?"

"Hapana. Wekundu ni jiwe. Linasagwa na kuchanganywa. Wazee wa dini ile waliliona kuwa njo dawa kubwa kuliko zote, dawa yenyewe ya kutokufa." Neno 'njo', ndiyo yetu ya Kindu, alilitamka mwenyewe, alikuwa amelizoea shambani.

Hayo nikayatafsiri. Kisha akaendelea kwa Kifaransa, akiniangalia mimi: "Mfalme mmoja aliyependa sana visanduku hivi alimeza vidonge vya jiwe hilo miaka mingi. Vilimharibu mwili na akili. Ndani yake mna zebaki, ile ya kwenye kipimajoto."

"Anasema nini sasa?" mama akauliza.

Nikamtazama baba. Alikuwa ameegemea mbele, blanketi limemteleza na miguu yake iko wazi, amesahau kuificha. Anamtazama yule mzee wa kwenye kifuniko kama mtu anayemtazama rafiki. Sikutaka kuuharibu uso ule.

"Anasema mufalme alikipenda sana," nikajibu.

Mtumbwini, wakati wa kurudi, mgeni wangu aliyatazama maji mpaka katikati ya mto. Halafu akasema kwamba kwao vitu kama hivi, vya wafalme na dini ya zamani, vilivunjwa barabarani, na vitabu vya michoro vya baba yake vilichomwa mbele ya mlango wao. Baba yake hakuishi sana baada ya hapo. "Usimwambie mtu yeyote kwamba nilieleza," akasema. "Hasa wenzangu." Nikamuahidi.

Muda ulipita. Baba aliendelea kuvimba, kisha siku chache akaonekana nafuu, akajikokota mpaka mlangoni kupunga upepo. Mama alikuwa na uchangamfu ambao sikuuelewa. Siku moja mvua ilivunja kazi mapema nami nikafika nyumbani mchana. Mama alikuwa amechuchumaa ua wa nyuma chini ya paa la jiko, kisanduku kati ya magoti, wembe mkononi. Mbele yake palikuwa na kisahani chenye unga mwekundu, kidogo kama chumvi ya kuonja. Korongo mmoja hakuwa na mabawa tena. Nusu ya matunda ilikuwa imekwisha, na mbao zimeonekana.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Namutilia baba yako kwenye uji. Ni wiki ya tatu. Hajui. Ungemwambia, angekataa juu ya dini." Akakung'uta wembe kwenye ukingo wa kisahani. "Umemuona juzi? Alifika mulangoni. Mwenyewe. Ile dawa iko na nguvu, ile njo walikunywa wafalme."

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, ile niliyoiacha siku ya mgeni. Nikamtazama mama alivyochuchumaa, mikono yenye vumbi jekundu, mwanamke aliyekuwa ametembea mji mzima nyuma yangu kutafuta dawa isiyokuwepo. Nikageuka, nikatoka mvuani, nikakimbia mpaka mtoni, nikavuka.

Wachina walikuwa barazani wote watano, wanangoja mvua ipite. Ningepaswa kumwita yule wangu pembeni. Leo najua. Lakini nilikuwa natweta, na maneno yakatoka mbele ya wote: mama amekwangua kile kisanduku, anamnywesha baba ule wekundu, je, tufanye nini?

Mkubwa wao hakujua Kifaransa, ila alijua maneno machache, na alijua kusoma nyuso. Akamuuliza kitu kwa lugha yao, taratibu. Yule bwana akajibu kifupi. Kisha akanigeukia, na uso wake haukuwa na chochote ndani.

"Sitwayen," akaniambia, yaani raia, jina tulilolazimishwa sote kuitana, ambalo yeye hakuwahi kuniita. "Sijui unasema habari gani. Sijaona kisanduku chochote."

Nikasema samahani, nimechanganya mambo. Mkubwa wao bado alikuwa akinitazama. Hofu ile ya yule bwana niliifahamu vizuri. Nilicheza nayo kila asubuhi chini ya bendera. Sikumchukia hata kidogo.

Kesho yake, kwenye kitalu, alipita karibu nami akiwa ameinamia miche, na bila kuinua kichwa akasema: "Aache leo hii. Ampe maziwa. Ute wa mayai, mwingi." Akasogea mbele. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana. Kabla ya mwezi kwisha aliondoka na ndege ya mizigo, peke yake, na sanduku moja. Wenzake walisema, kwa maneno yao machache ya Kifaransa, kwamba ameitwa nyumbani. Nilipouliza kama atarudi, mkubwa wao alitabasamu na kunionyesha mfereji uliotakiwa kusafishwa. Sijui alipatwa na nini. Nimejaribu kujidanganya kwamba aliitwa kwa sababu nyingine, labda mkataba wake ulikwisha, labda alikuwa na mke aliyemngoja. Siwezi.

Kwa mama, jioni ya siku ile ya kitalu, nilipeleka uongo. Ningeweza kumwambia: ulichomlisha mume wako ni sumu, na mimi nilijua, nikanyamaza. Nilikaa mbele yake nikiwa na maneno hayo yote tayari. Nikasema: "Mchina amesema dawa ile hainywewi zaidi ya wiki tatu. Sasa ni maziwa na ute wa mayai."

"Amesema hivyo?"

"Amesema."

Akaamini, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na lugha. Siku ile ile akaosha wembe na kuweka kisanduku rafuni, ubavu uliokwanguliwa ukielekea ukutani. Mayai tuliyapata kwa majirani, maziwa ya unga kwa masista. Baba alikula ute wa mayai bila kuuliza. Labda alijua zaidi ya tulivyodhani. Siku moja nilipokuwa namfuta mgongo aliniambia, "Mama yako anahangaika sana. Musimukatalie kitu." Nikaendelea kumfuta.

Nafuu ile ndogo haikurudi. Tumbo lilijaa, pumzi zikawa fupi, ngozi ya miguu ikapasuka ikatoa maji. Alikufa siku ya Alhamisi, muda mfupi kabla ya adhuhuri, akiwa ameegemea ukuta ule ule, kwa kuwa hakuweza tena kulala chali. Tulimzika kabla ya jua kuzama. Watu wa reli walikuja, wazee waliokuwa wamefunga breki pamoja naye, wakasimama kwenye udongo mwekundu.

Baadaye nilimtafuta daktari. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, iwapo mwenye figo mbovu akila zebaki kidogo inakuwaje. Akasema figo za baba yangu zilikuwa zimekwisha kabla hajaziona. "Zebaki ya kiasi gani?" akauliza. Nikasema sijui, ni swali tu la kitabuni. Sikurudi kwake tena. Kwa hiyo sijui, na hakuna atakayenijulisha.

Mama alipomaliza eda, mtu mmoja kutoka Bukavu alikuwa akizunguka mjini kununua sanamu za pembe za ndovu za watu wa Kilega, zilizotoka Pangi. Alipelekewa kisanduku. Alipouona ubavu ule alikirudisha. Wachina nao waliondoka, mifereji ikajaa magugu, wakulima wakarudi kwenye mpunga wao wa mlimani. Mimi nikapata kazi ya kufundisha Lubutu, nikaishi huko nikirudi Kindu mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo.

Kila nilipokuja, mama alinipikia, tukakaa uani, na siku ya pili au ya tatu mazungumzo yakafika pale pale. Hakuwa na hasira. Alisema akitazama mikono yake.

"Alikuwa anapona, baba yako. Wewe uliona. Alifika mulangoni." Akaigeuza mikono. "Ungeniacha nimalizie hata wiki mbili tu."

Aliamini kwamba mume wake alikufa kwa sababu tuliacha. Kwamba dawa ilikuwepo, rafuni, imebaki upande mzima, nasi tukaacha kwa kumsikiliza mgeni. Ningeweza kuuondoa mzigo huo kwa sentensi moja, na mahali pake ningeweka mwingine ambao usingembakishia hata siku moja ya usingizi. Mara nyingi nilifungua mdomo. Kila mara nikaona ni afadhali anilaumu mimi.

"Ndiyo, mama," nilimwambia. "Nilikosea."

Nilimwambia hivyo kila mwaka mpaka alipokufa naye, na kila mwaka alinisamehe.